Mtoto Ameambiwa Ana Usonji: Kazi Sasa ni ya Wanaomzunguka

Siku mzazi anapoambiwa kwamba mwanawe ana usonji, maswali humjia kwa mpigo. Atapona lini? Ataongea? Atasoma na wenzake? Nimekosea wapi? Nani aambiwe na nani afichwe? Mtaalamu anayeheshimu ukweli hawezi kuyajibu yote siku hiyo. Lipo hata hivyo jambo moja analoweza kulisema bila kusita, nalo ndilo hoja ya safu hii: maisha ya mtoto kuanzia hapo yatategemea sana jinsi watu wanaomzunguka watakavyojipanga. Mtoto aliyeingia kwa daktari asubuhi ndiye yuleyule anayetoka mchana, na uji anaoupenda ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba wakubwa sasa wanajua, na anayejua ana wajibu.

Hili limethibitishwa tangu kwa mtoto wa kwanza kabisa kupewa jibu hilo. Donald Triplett alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani. Alikuwa hajali anayeingia wala anayetoka, alipenda kuzungusha vitu, alirudia maneno yaleyale, na alikasirika vibaya ratiba yake ilipovurugwa. Kabla hajatimiza miaka minne, wazazi wake walishauriwa wamweke katika taasisi mbali na nyumbani. Walikubali, wakakaa bila mtoto kwa takribani mwaka mzima, kisha wakamrudisha licha ya ushauri wa uongozi wa taasisi hiyo. Mwaka 1938 baba yake, aliyekuwa mwanasheria, alimwandikia daktari Leo Kanner wa Baltimore barua ya kurasa 33 akimweleza mwanawe. Mwaka 1943 Kanner alichapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, na wa kwanza kwenye orodha hiyo alikuwa Donald.

Kilichofuata ndicho chenye funzo. Donald alipelekwa kuishi kwa miaka kadhaa na mke na mume wakulima, nje kidogo ya mji. Watu hawa hawakuwa madaktari wala walimu. Waligundua kwamba kijana anapenda kupima vitu kupita kiasi, wakamwambia achimbe kisima na kila mara awaletee taarifa ya kina chake. Alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, walimpa jembe la kukokotwa na farasi, akawa analima huku anahesabu. Kanner alikwenda kuwatembelea mwaka 1945 akashangazwa na busara yao. Donald alisoma hadi chuo kikuu, akafanya kazi benki miaka mingi, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89, katika mji uleule aliozaliwa, akiwa angali na usonji wake.

Ni kweli kwamba familia yake ilikuwa na uwezo, na benki aliyofanyia kazi ilikuwa ya kwao. Fedha ilisaidia na hatuna sababu ya kulificha hilo. Lakini Kanner alipowafuatilia tena wale watoto 11 na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1971, alieleza kwamba waliofungiwa katika hospitali kubwa za serikali walidumaa na kupoteza hata kile walichokuwa nacho. Wengi wao nao walitoka kwenye familia za wasomi wenye kipato. Donald alipata kitu ambacho fedha peke yake hainunui: wenyeji wa mji wake walimzoea, wakamjua kwa tabia zake, na waliwakanya wageni waliotaka kumchezea.

Sasa turudi kwa mzazi aliyeshika karatasi ya hospitali. Inasema nini hasa? Inasema kwamba ubongo wa mtoto huyu umekua kwa namna tofauti tangu mwanzo, na tofauti hiyo inaonekana katika mambo mawili: namna anavyowasiliana na kuchangamana na watu, na namna anavyong'ang'ania mambo yaleyale au anavyozipokea sauti, mwanga, ladha na mguso. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaweka chini ya jina moja hali zilizokuwa na majina tofauti, na unataja ngazi tatu kulingana na msaada anaohitaji mtu. Ngazi hizo zinaeleza msaada unaohitajika sasa, kwa hiyo mzazi asizisome kama utabiri. Mtoto asiyesema neno akiwa na miaka minne anaweza kusema akiwa na saba. Mwingine hatasema maisha yake yote, lakini ataandika au ataonyesha picha na kueleweka vizuri. Wapo wenye usonji wanaofundisha vyuo vikuu, na wapo watakaohitaji mtu wa kuwavalisha hadi uzeeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote mtu 1 kati ya 127 ana usonji. Kwa hesabu hiyo, shule kubwa ya msingi ya jijini haiwezi kukosa watoto kadhaa wa namna hii, wawe wametambuliwa au la.

Jambo la kwanza la kuondoa nyumbani ni lawama, kwa sababu hakuna linalopoteza muda wa mtoto kama kutafuta mkosaji. Wataalamu wenyewe waliwahi kuwa vinara wa lawama hizo. Katikati ya karne iliyopita ilifundishwa kwamba mtoto hupata usonji kwa sababu mama hampendi. Bruno Bettelheim aliieneza fikra hiyo kwa kitabu kilichotoka mwaka 1967, ingawa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa kijana mwenye usonji, alikuwa ameshaipinga kwa hoja nzito mwaka 1964. Kizazi kizima cha akina mama kilibeba hatia isiyo yao.

Kwetu lawama ina sura nyingine. Joseph Gona na wenzake walizungumza na wazazi na wataalamu wa jamii mbalimbali za Pwani ya Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Waliambiwa kuhusu pepo wabaya, uchawi na laana, na papo hapo waliambiwa kuhusu maambukizi, matatizo wakati wa kujifungua na urithi. Mtu mmoja anaweza kuyaamini yote hayo kwa pamoja, na anayefanya kazi na familia zetu analijua hilo. Hatari huanza pale maelezo yanapomgeuza mama kuwa mshtakiwa: alikula nini, alitoka na nani, kwao kuna nini. Hata neno vinasaba likifika barazani hugeuka kuwa "ni ukoo wa mama huyo".

Utafiti unasema nini? Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa zaidi ya watoto milioni 2 waliozaliwa Denmark, Sweden, Finland, Israel na Australia Magharibi. Takribani asilimia 80 ya tofauti ya watu katika uwezekano wa kuwa na usonji ilielezwa na vinasaba vya kurithi, na hivyo hutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Watafiti walipima pia mchango unaotokana na mama pekee, wakaukuta mdogo mno. Ama kuhusu chanjo, ile makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyoleta tafrani ilihusu watoto 12 tu. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake akafutwa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza. Uchunguzi wa Denmark wa watoto zaidi ya 650,000, uliotoka mwaka 2019, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji. Mzazi anayemnyima chanjo mdogo wa mtoto huyo anamwongezea hatari ya surua, na hakuna usonji anaouzuia.

Baada ya lawama huja wauza tiba. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa zinazosaidia mambo yanayoambatana nao, kama kifafa, kukosa usingizi au hasira kali za kujiumiza, na hizo hutolewa na daktari kwa kipimo. Chochote kinachouzwa kwa ahadi ya kuusafisha usonji mwilini kiepukwe. Mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano alifia Pennsylvania akidungwa dawa ya kuondoa madini mwilini kwa jina la tiba, na mamlaka ya dawa ya Marekani imelazimika kuonya zaidi ya mara moja dhidi ya maji yenye kemikali ya kupaushia nguo, ambayo wazazi huuziwa wawanyweshe watoto. Familia inayotaka dua au maombi iyafanye. Faraja ni haki ya kila mzazi. Mpaka ni huu: asipigwe, asifungwe kamba, asinyimwe chakula, asichanjwe chale, na akiwa na dawa za kifafa zisikatizwe hata siku moja.

Fedha ambayo ingeliwa huko itumike kwa mambo manne yanayosahaulika. Mtoto apimwe masikio, maana asiyesikia vizuri hufanana sana na asiyejali. Achunguzwe kama ana kifafa, kwa kuwa watoto wenye usonji hukipata zaidi kuliko wengine, na degedege ndogo za kukodoa macho huonekana kama mawazo tu. Aangaliwe meno na tumbo, kwa sababu mtoto asiyeweza kusema "naumwa" ataisema kwa kujigonga kichwa ukutani. Na usingizi wake ujadiliwe na daktari kama tatizo halisi, kwa kuwa mtoto asipolala nyumba nzima hailali.

Kisha kuna nyumba yenyewe. Chukua mtoto wa miaka mitano katika nyumba ya vyumba viwili Mbagala. Kila asubuhi ni vita: analia akivalishwa sare, anamwaga uji, na kwenye daladala anapiga kelele hadi abiria wanasema kadekezwa. Ukikaa na mama yake mkaipitia asubuhi hiyo hatua kwa hatua, picha hubadilika. Shati jipya lina lebo ngumu shingoni inayomkwaruza, naye hana maneno ya kusema hivyo. Uji ulipoa ukaganda utando juu, na utando huo hauvumilii. Hakujua kwamba wanatoka hadi alipokamatwa mkono. Daladala ina muziki na honi kwa pamoja. Mtoto huyu hana kiburi, amezidiwa. Dawa ya hapo ni mkasi wa kukatia lebo, sare iliyofuliwa mara kadhaa ikalainika, uji uliokorogwa mbele yake, na picha nne zilizobandikwa ukutani kwa mpangilio: kuoga, uji, sare, gari. Kila hatua ikiisha, anabandua picha yake mwenyewe. Kituoni wanapanda gari lisilojaa na kukaa kiti cha dirishani. Mambo hayatanyooka yote wiki ya kwanza, lakini mama ameacha kushindana na mwanawe na ameanza kushindana na kinachomsumbua.

Mawasiliano ndiyo kazi kubwa zaidi. Mtoto anayemvuta mama mkono hadi kwenye jagi ameshaongea. Ajibiwe, atajiwe neno "maji" kwa utulivu, apewe. Anayerudia tangazo la redio neno kwa neno mara nyingi ana jambo analolisema kwa maneno hayo, na mzazi akichunguza lini analirudia ataligundua. Kadi za picha hazimfanyi mtoto awe mvivu wa kuongea, kama bibi wengi wanavyohofu. Tafiti zimeonyesha kwamba hazizuii usemi, na wapo watoto wanaoanza kusema zaidi baada ya kuzizoea. Na ushauri unaosambaa mijini kwetu kwamba mtoto huyu aongeleshwe Kiingereza tu hauna msingi. Watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hawajaonekana kuchelewa zaidi ya wenzao wa lugha moja. Ukimnyima Kiswahili, au Kichaga, au Kigiriama cha nyumbani, umemtenga na bibi, na mjomba, na watoto wa jirani, wakati watu ndio anaowahitaji zaidi.

Wazazi watauliza: wataalamu wako wapi? Wa usemi na wa tiba kazi ni wachache, nao wamejaa mijini, na nauli peke yake inaweza kula kipato cha wiki. Ndiyo maana mafunzo ya walezi yana umuhimu kwetu kuliko hata kwa wenye hospitali nyingi. Shirika la Afya Duniani liliandaa mafunzo yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kutolewa na mtu asiye daktari aliyeandaliwa vizuri. Yamefanyiwa kazi Ethiopia na Kenya. Mzazi hufundishwa kukaa chini na mtoto, kujiunga na mchezo anaoupenda yeye, kumpa nafasi ya kujibu, na kutumia kazi za kila siku, kama kuosha vyombo na kuanika nguo, kuwa somo. Ni kilekile walichokifanya wale wakulima wa Mississippi kwa kisima na mahindi: walianzia pale ambapo kijana alikuwa tayari amesimama.

Hapa ndipo akina baba wanapohusika. Katika nyumba nyingi jibu la daktari humwangukia mama peke yake. Anaacha kazi au biashara, anakwenda kliniki peke yake, anasimamia mazoezi peke yake, na jioni anaulizwa kwa nini mtoto bado haongei. Mkono mmoja haulei mwana, na kwa mtoto huyu methali hiyo ni ratiba ya kazi. Baba ashike jukumu lenye jina na saa: kumwogesha jioni, kumpeleka shule Jumatatu na Alhamisi, kukaa naye Jumapili mama apumzike. Bibi aonyeshwe zile picha ukutani ili naye azitumie. Kaka na dada waelezwe kwa maneno ya umri wao kwa nini mwenzao anaziba masikio, kisha wapewe muda wao wenyewe na wazazi, kwa sababu wao pia ni watoto na mara nyingi hukua wakijiona wageni nyumbani kwao.

Suala la nani aambiwe lina jibu la kiutendaji: aambiwe kila anayeweza kumkuta mtoto yuko peke yake. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani ghafla kufuata kitu kinachowavuta, na mara nyingi kitu hicho ni maji. Nchini Marekani kuzama ndiko kunakoongoza kwa kuua watoto wanaotoroka hivyo, na sisi tuna bahari, mito, visima na mashimo ya mchanga. Namba ya simu ishonwe ndani ya nguo. Mwenye duka, mlinzi na vijana wa bodaboda kijiweni wamjue kwa jina na wajue wampeleke wapi. Familia inayomficha mtoto kwa aibu inamnyima ulinzi huu. Na pale inapowezekana, afundishwe kuogelea mapema.

Shule ni mtihani wa jamii nzima. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inamhakikishia mtu mwenye ulemavu elimu ndani ya jamii yake. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam na City Primary jijini Nairobi ni shule za kawaida za msingi zenye vitengo vya watoto wenye usonji, na Kenya ina Taasisi ya Elimu Maalumu pale Kasarani inayopima watoto na kuandaa walimu. Tatizo ni kwamba vitengo ni vichache na darasa la kawaida lina watoto wengi mno. Hata hivyo mwalimu wa darasa la wanafunzi 80 anaweza kufanya mambo yasiyogharimu kitu: amkalishe mbele mbali na mlango, amwambie kabla kengele haijapigwa, amruhusu kutoka nje dakika chache anapozidiwa, ampe maelekezo moja baada ya jingine, na asimchape kwa kutomtazama usoni. Mzazi aende na karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi: anachopenda, kinachomsumbua, kinachomtuliza, anavyoomba msaada. Karatasi hiyo itamsaidia mwalimu kuliko ripoti ndefu ya hospitali.

Mtoto atakua awe mtu mzima mwenye usonji. Wapo pia wazazi wanaosoma maelezo ya mtoto wao na kujiona wenyewe humo, wakaelewa kwa nini tangu utotoni sherehe ziliwachosha na mabadiliko yaliwatisha. Watu wazima wenye usonji wamekuwa wakizungumza kwa sauti yao wenyewe kwa zaidi ya miaka 30. Jim Sinclair, mmoja wao, mwaka 1993 aliwaeleza wazazi wazi kwamba huzuni yao ni ya mtoto waliyemtarajia, na kwamba mtoto waliye naye hajafa na anawasubiri. Mzazi ana haki ya kulia. Asijilaumu kwa machozi yake, ila asiyaache yakachukua miaka ambayo mtoto anamhitaji.

Kwa hiyo ombi langu halielekezwi kwa mama, maana yeye tayari anafanya kazi ya watu wanne. Linaelekezwa kwa baba, bibi, shemeji, mwalimu mkuu, sheikh, mchungaji, konda wa daladala na jirani wa ukuta mmoja. Muulizeni mama huyo anahitaji nini Jumamosi hii, mkifanye, na Jumamosi ijayo mrudi. Na halmashauri zinazopanga bajeti ziweke fungu la vitengo vya shule na mafunzo ya walezi wilayani, kwa sababu sheria ya mwaka 2010 isiyo na mwalimu wala darasa haijamfikia mtoto yeyote.